Mwenye Heri Anuarite wa Wamba, Aliyeogopa Asirudi Nyuma



Katika kila darasa la wakatekumeni wamo watu wanaoanza kwa hamu kubwa, na kabla ya mwaka kwisha hawaonekani tena. Katekista akienda kuwauliza sababu, ni mara chache asikie kwamba wameichukia dini. Mara nyingi zaidi husikia maneno ya huzuni. Mzee husema kichwa chake kimekwisha kuwa kigumu, hakishiki tena sala. Mama husema wenzake walimcheka alipokosea Kanuni ya Imani. Kijana husema yeye si mtu wa kufikia jambo kubwa namna hii. Watu hawa hawakushindwa na adui wa nje. Wameshindwa na mashaka waliyo nayo juu yao wenyewe.

Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sote, twasimulia leo maisha ya binti mmoja wa nchi yetu. Hakuzaliwa katika nyumba ya wakubwa, wala hakusifiwa kwa wepesi wa akili, tena moyo wake ulikuwa mwepesi wa kushtuka. Hata hivyo alikuwa na nia moja, naye akaishika mpaka mwisho. Jina lake ni Maria Klementina Anuarite Nengapeta.

MTOTO WA WAMBA

Mtu akitoka Kasindi na kupita Beni, kisha akashika njia ya kaskazini na kuuvuka msitu mkubwa wa Ituri, mwishoni atafika nchi ya Wabudu. Huko ndiko Wamba, na huko Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939. Baba yake aliitwa Amisi, mama yake Isude. Watoto wao walikuwa mabinti sita, naye alikuwa wa nne.

Wazazi wake hawakuwa Wakristo wakati alipozaliwa. Walimpa jina Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Mwaka 1943 mama Isude alibatizwa akaitwa Yuliana, na pamoja naye alibatizwa huyo binti mdogo. Ninyi wakatekumeni, liangalieni vema jambo hili. Yule ambaye leo Kanisa linamheshimu altareni hakuipokea imani kutoka kwa mababu. Aliipokea katika nyumba iliyokuwa ikianza tu kumjua Kristu, kama zilivyo nyumba zenu nyingi. Mama yake alikaa kwanza mahali pale pale mnapokaa ninyi sasa.

Jina lake la pili alilipata kwa kosa. Alipopelekwa shuleni kuandikishwa, sista aliyeshika daftari alimwandika kwa jina la dada yake, yaani Anuarite. Maana ya jina hilo ni mtu anayevicheka vita. Nani angalidhani kwamba jina hilo lingemfaa mtoto yule? Alikuwa mwenye moyo laini, mwenye kuguswa upesi na neno kali, mwenye wasiwasi. Lakini jina likabaki, na siku ilikuja lilipotimia.

SHIDA YA NYUMBANI NA KAZI YA SHULE

Nyumba ya Amisi na Isude haikukosa machozi. Kwa kuwa Isude hakuzaa mtoto mwanamume, Amisi alimwacha akaoa mke mwingine. Desturi hiyo mnaijua, na uchungu wake mnaujua pia. Binti anayeona mama yake akifukuzwa kwa sababu amezaa mabinti, anaelewa mara moja kwamba yeye mwenyewe anahesabiwa kuwa sababu ya msiba ule. Wengi wamekua na jeraha la namna hiyo moyoni, wakajiona hawana thamani maisha yao yote. Anuarite aliumia, lakini alimsamehe baba yake. Tukumbuke msamaha huu wa kwanza. Kabla ya kumsamehe adui, alijifunza kusamehe nyumbani.

Shuleni hakuwa miongoni mwa wale wanaoshika somo kwa kusikia mara moja. Alichokipata alikipata kwa jasho: alirudia na kuuliza, akaketi na kitabu wakati wengine wamekwisha kwenda kucheza. Mtoto wa namna hii yuko katika hatari mbili. Ya kwanza ni kuwaonea wivu wenye akili nyepesi. Ya pili, iliyo mbaya zaidi, ni kuamini kwamba Mungu amewakusudia hao tu mambo mema. Anuarite hakuanguka katika hatari hizo. Mwendo wake ulikuwa wa polepole, lakini haukukoma, na baadaye alipata cheti cha ualimu, akafundisha watoto wa shule ya msingi.

Wenyeji wa Kasindi mwaweza kuelewa jambo hili kwa kuwatazama wavuvi wa ziwa Edward. Mvuvi mwenye mtumbwi mdogo hafiki upesi kama mwenye mashine. Lakini akianza mapema asubuhi na asiache kupiga kasia, samaki atawapata. Anayebaki pwani akiulaumu mtumbwi wake ndiye anayerudi mikono mitupu.

NIA YAKE

Wamba palikuwa na masista, na mwalimu wake mwenyewe alikuwa mtawa mwafrika. Anuarite aliwatazama. Aliona wanawake wa rangi yake na lugha yake, waliojitoa kwa Mungu na kuwatumikia watoto na wagonjwa. Hapo ndipo nia ilipoingia moyoni mwake: naye atakuwa kama wao. Shirika lile liliitwa Jamaa Takatifu, na nyumba yake kubwa ilikuwa Bafwabaka, ndani ya msitu.

Siku zile haikuwa nia ndogo. Binti aliyetaka kuwa mtawa aliacha kuolewa, aliacha kuzaa, aliacha kuwapa wazazi mahari na mapato. Jamaa nyingi ziliona jambo hilo kuwa hasara tupu. Anuarite alimwomba mama yake ruhusa, na mama hakukubali. Tusimhukumu mama Isude. Alikuwa ameachwa na mumewe, naye alitaka binti yake abaki karibu amsaidie.

Binti mwoga angaliweza kuona katika kukataliwa huko ishara ya kwamba nia yake ilikuwa ndoto tu. Angaliweza kusema kwamba hata mama haamini, basi yeye ni nani aamini? Anuarite hakugombana na mama yake, wala hakumvunjia heshima kwa maneno. Lakini siku moja kamyo ilifika misioni ya Wamba kuwachukua wasichana wa kwenda Bafwabaka kuanza malezi. Wenzake walipopanda, naye alipanda pamoja nao, bila kumwaga mtu. Kamyo iliondoka, na binti mwenye moyo wa kushtuka alikuwa amekwisha kuvuka mto wake mkubwa wa kwanza. Mama alipopata habari mahali alipo, hakumrudisha kwa nguvu.

Hatusimulii hayo ili watoto wajifunze kutoroka nyumbani. Wito wa Mungu hutaka heshima kwa wazazi, na Anuarite alibaki mwenye kumheshimu mama yake siku zote. Twasimulia ili mwone jambo hili: hakungoja mpaka woga wake uishe ndipo aanze safari. Alipanda pamoja na woga wake. Anayengoja siku atakayokuwa hana hofu kabisa atazeeka akingoja.

MALEZI YA BAFWABAKA

Wasichana wengi hudhani kwamba wakiingia utawani, mashaka yote hubaki nje ya mlango. Sivyo. Anuarite alileta tabia yake yote ndani: kuumia upesi na kutotulia. Malezi ya miaka mingi yalikuwa kazi ya kila siku ya kujishinda. Alikuwa na daftari dogo, akaandika humo mafundisho ya mafungo na makusudi yake, apate kuyasoma tena wakati moyo unapolegea. Mtu anayejua kwamba nguvu zake ni kidogo huweka msaada mapema, kama mwenye nyumba anavyoweka nguzo kabla ya ukuta kuinama.

Tarehe 5 Agosti 1959 alifunga nadhiri zake za kwanza, akaitwa Sista Maria Klementina. Na tazameni: siku ile baba na mama walikuja wote wawili, wakaleta mbuzi wawili kuwa zawadi kwa shirika, alama ya furaha yao. Baba aliyemwacha mama kwa ajili ya mabinti, na mama aliyekataa binti asiende, sasa walisimama mbele ya altare kwa sababu ya binti yule yule. Kama Anuarite angalikubali kwamba yeye ni bure, furaha hiyo isingalifika katika jamaa yake.

Baada ya nadhiri hakupewa kazi za kuonekana na watu. Alifundisha watoto, alitunza mambo ya sakristia, alipika, alisaidia bwenini. Wenzake walimjua kwa kupenda kuwapunguzia wengine mzigo. Aliposikia mtu amechoka, alichukua kazi yake. Vile vile hakupenda uongo, naye alisikitika akiona mtawa mwenzake anaikosea sheria ya nyumba. Labda twajiuliza kazi hizi ndogo zinahusu nini na ujasiri. Zinahusu sana. Kila mara aliposhinda uvivu, au hasira, au haya, aliuzoeza moyo wake kuchagua Mungu. Askari hajifunzi kutumia silaha siku ya vita. Hujifunza zamani, penye amani, wakati hakuna anayemtazama.

USIKU WA ISIRO

Mwaka 1964 vita vya ndani viliwaka katika mashariki ya Kongo. Waasi walioitwa Simba waliteka mji wa Stanleyville, ambao sasa huitwa Kisangani, mwezi wa Agosti mwaka ule, wakaenea nchi nzima ya juu. Mapadri, masista na walei wengi waliuawa.

Tarehe 29 Novemba 1964 waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista wote katika kamyo. Waliambiwa kwamba wanapelekwa Wamba. Walilala njiani, na siku iliyofuata, badala ya Wamba, waligeuzwa kupelekwa Isiro, mji ulioitwa Paulis wakati ule. Jioni waliingizwa katika nyumba moja iliyojulikana kwa rangi yake ya buluu.

Huko mkubwa mmoja wa waasi alimwona Anuarite, akataka awe mke wake. Anuarite alikataa. Mama Mkuu wa masista, Mama Leontina Kasima, alisimama upande wake na kueleza kwamba mtawa amekwisha kufunga nadhiri kwa Mungu. Kisha kanali aliyeitwa Petro Olombe akachukua shauri hilo mkononi mwake, akatisha.

Jioni ile chakula kililetwa, masista wakala kidogo. Anuarite hakuweza kula. Msisome haraka mahali hapa. Mwenye heri huyu hakuwa kama jiwe. Hofu ilimshika hata chakula kisipite kooni, akawaomba wenzake wamwombee. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe, bustanini Getsemani, alihuzunika mno, na jasho lake likawa kama matone ya damu. Kuogopa si dhambi, wala si alama ya kwamba mtu hana imani. Jambo linaloulizwa ni hili tu: hofu ikiisha kuja, utamtii nani?

Usiku kanali aliwachukua Anuarite na Sista Bokuma, akataka waingie katika motokari. Anuarite alikataa kuingia. Akaeleza wazi kwamba hawezi kutenda dhambi hiyo, na kwamba ni afadhali auawe. Kanali aliwapiga wote wawili vibaya, hata Sista Bokuma akavunjika mkono, akazimia. Anuarite, katikati ya mapigo, alimwambia mpigaji kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analolitenda. Ndipo kanali akawaita askari wamchome kwa visu vya bunduki, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Wenzake walimbeba ndani akiwa bado anapumua, wakasali karibu naye. Mnamo saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964, alikata roho. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini na mitano.

Msamaha ule haukuzuka ghafula usiku ule. Ulikuwa ule ule aliompa baba yake huko Wamba, ule ule aliowapa wenzake katika mambo madogo ya Bafwabaka. Ulikuwa umekwisha kukomaa. Na jina lililoandikwa kwa kosa katika daftari la shule likawa la kweli: vita vilimwua mwili, lakini havikumshinda.

BAADA YA KIFO CHAKE

Mwili wake ulizikwa katika kaburi moja na watu wengine waliouawa. Miezi ilipopita, walifukua ili kumtafuta, wakamtambua kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa mfukoni mwake. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa katika kanisa kuu la Isiro.

Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Papa Yohane Paulo II alikuwa Kinshasa, akamtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri. Ni mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata heshima hiyo. Katika Misa ile Papa, akifuata mfano wa Anuarite, alitoa msamaha kwa mwuaji kwa jina la Kanisa lote. Kila mwaka, tarehe 1 Desemba, Kanisa linamkumbuka.

MAFUNDISHO KWETU

Ninyi wa Kasindi mnaishi mpakani. Ng'ambo ya mto Lubiriha ni Uganda, nchi ya Karoli Lwanga na wenzake. Miongoni mwa mashahidi hao walikuwamo wakatekumeni waliobatizwa usiku, mwezi wa Mei 1886, na siku chache baadaye, tarehe 3 Juni, wakateketezwa Namugongo. Kizito alikuwa kijana mdogo tu. Basi upande mmoja mnaye Kizito, na upande wa pili mnaye Anuarite. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtu wa nguvu machoni pa dunia.

Tujifunze mambo matatu.

La kwanza, kutamani kufikia jambo jema si kiburi. Binti wa mkulima akitaka kuwa mwalimu au muuguzi, kijana akitaka kujifunza ufundi, mzee akitaka kusoma Injili kwa macho yake mwenyewe kabla ya kufa, hao hawajikwezi. Mungu ndiye aliyetia mbegu. Anayeifukia mbegu ardhini bila kuimwagilia, akasema amefanya hivyo kwa unyenyekevu, anajidanganya. Mnyenyekevu wa kweli anakiri kwamba peke yake hawezi, kwa hiyo anaomba msaada na kuanza kazi. Mwenye mashaka anakiri kwamba hawezi, kisha anakwenda kulala.

La pili, udhaifu wetu tusiufiche, bali tuutengenezee njia. Anayesahau sala asali na mtoto wake jioni, neno kwa neno. Anayeona haya kujibu mbele ya darasa amwendee katekista faraghani. Anayeshika polepole aanze mapema. Anuarite alitumia daftari, nasi tutumie njia tulizo nazo.

La tatu, tuwe na bidii katika mambo madogo. Hatujui kama Mungu atatudai siku moja jambo kubwa. Lakini leo anatudai tusamehe jirani aliyetucheka, turudi darasani tulikoacha, tuvumilie juma moja tena. Anayetoa hayo leo hatakosa la kutoa kesho.

Nawe, mkatekumeni uliyekaa nyumbani tangu mwezi uliopita kwa kuwa ulikosea Kanuni ya Imani mbele ya watu: hakuna aliyelifuta jina lako katika daftari la katekista. Rudi Jumapili hii. Njoo na woga wako, kama Anuarite alivyopanda kamyo na woga wake.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Nani walibatizwa pamoja mwaka 1943, nasi twajifunza nini katika jambo hilo?
2. Anuarite alimsamehe nani kwanza, kabla ya kumsamehe mwuaji wake?
3. Kuna tofauti gani kati ya unyenyekevu na mashaka?
4. Ni jambo gani jema nililoliacha kwa sababu nilidhani siliwezi? Nitalianza tena siku gani?

Tumwombe Mungu, kwa maombezi ya Mwenye Heri Anuarite, awatie nguvu wote wanaojiandaa kwa Ubatizo mtakatifu, asipotee hata mmoja njiani.